Swali la Iringa lililogoma kuganda: tuhesabu kutoka 5 hadi 1

Ndugu zangu wa Kihesa, hapa Iringa! Vaeni makoti. Baridi ya Julai tunaijua sote, lakini mji wetu unadai deni la sifa katika fizikia ya baridi, nami leo nimekuja kulidai.

5. Askrimu ya Magamba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, alitia kwenye friza maziwa ya moto bila kungoja yapoe. Yakaganda, huku ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yakiwa bado majimaji mazito. Mwalimu akakataa kuamini. Friza halikumwomba ruhusa.

4. Darasa la Mkwawa. Akiwa shule ya Mkwawa hapa Iringa, Mpemba alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kwa nini yale ya 100 hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne akaenda kupima, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Waliocheka hawamo miongoni mwa waandishi.

3. Ubishi wa maji. Mwaka 2016 wanasayansi Burridge na Linden walipima upya athari ya Mpemba, yaani cha moto kutangulia kuganda, wakakosa ushahidi wa kuridhisha. Hata kimo cha kipimajoto ndani ya chombo huweza kupotosha jibu. Maji huvukiza, huzunguka, hubeba gesi. Shahidi mwenye maneno mengi hivyo, hakimu atachoka!

2. Chembe zisizosahau mwendo. Basi tuyaache maji, tutafute shahidi mtulivu zaidi. Joto likisambaa kwa kawaida, umbali mara mbili hudai muda mara nne. Katika mifumo ya intigrabo, ambamo chembe hupishana bila kusahau kasi zao, mara nyingi umbali mara mbili hudai muda mara mbili tu: huo ndio usafiri wa balistiki. Chembe hupishana kama wanafunzi Kihesa Sokoni. Bega kwa bega, kisha kila mmoja na kasi yake. Mwaka 2006 Kinoshita, Wenger na Weiss, huko Marekani, waligonganisha atomi za rubidi maelfu ya mara, zikagoma kutulia. Ukaidi wenye nidhamu!

1. Jibu la kwanta. Mwaka 2024 Colin Rylands na wenzake walionyesha sharti la athari ya Mpemba katika mifumo ya kwanta iliyo ya intigrabo. Tazama kupanda na kushuka kwa chaji, yaani kiasi ambacho jumla yake haibadiliki, mwanzoni. Jozi za chembe hutoka pamoja, zikikimbilia pande tofauti na kuunganisha sehemu zilizo mbali. Hapa badala ya kuganda tunapima kurudi kwa ulinganifu uliovunjwa: hali iliyouvunja zaidi huurudisha mapema endapo chaji yake imepandishwa kwenye jozi zenye mbio. Mwaka huohuo ioni zilizonaswa maabarani Innsbruck, Austria, zikaonyesha athari hiyo. Aliye mbali katangulia kufika: alichagua gari zuri!

Basi, wanafunzi wa Kihesa, mkiona jambo linalopingana na kitabu, pimeni, andikeni, kisha ulizeni mbele ya mgeni. Nanyi walimu wetu, kabla ya kusema haiwezekani, washeni friza.