Sifa za Makelele Matupu

Katika muziki wote, wenye adabu kuliko mwingine ni ule wa makelele: spika zilizozidiwa nguvu zikikoroma na kupiga mayowe, hakuna tuni, hakuna mdundo, hakuna neno. Muziki mwingine ni ombaomba. Taarabu inataka utunze, wimbo wa mapenzi unataka ulie, kwaya inataka utubu, na ukifika uchaguzi kiitikio kitamu kinataka kura. Makelele hayamwombi mtu chochote. Masami Akita wa Tokyo, ajulikanaye kama Merzbow, alitoa mwaka 2000 sanduku la CD 50, na hakuna chama kitakachothubutu kuchota humo wimbo wa kampeni. Wala hutajikuta jikoni unayaimba makelele hayo bila kutaka, jambo ambalo watunzi wa matangazo ya sabuni hawawezi kutuahidi.

Wapo wasemao kwamba hata mashine ya kusaga inaweza kazi hiyo. Basi tumtazame mwanamuziki Lou Reed, ambaye mwaka 1975 alitoa Metal Machine Music, santuri mbili za zaidi ya saa nzima, zilizojaa mlio wa magitaa yaliyoelekezwa kwenye spika hadi yakajipigia yenyewe. Wanunuzi wengi walizirudisha dukani. Hata hivyo, Mjerumani Ulrich Krieger alizisikiliza kwa makini, akaandika noti zake, na mwaka 2002 kundi la Zeitkratzer likazipiga Berlin kwa fidla na tarumbeta. Anayeona ni kazi ya mashine ya kusaga na ajaribu kuiandikia noti mashine hiyo. Sikio lililonyimwa tuni halilali; huanza kuchambua, na ndani ya kile kilichodhaniwa ni ukuta mmoja hukuta miluzi, mitetemo na mikwaruzo inayogombana.

Hoja nzito ni ya afya, na siikatai: sauti ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku inatosha kuanza kuharibu masikio, na makelele haya hupita hapo kwa mbali. Lakini ndiyo maana mashabiki wake huingia ukumbini na vizibo masikioni. Harusini watoto hukalishwa mbele ya spika zinazotikisa viti, na hakuna anayewatafutia hata pamba, kwa kuwa kinachopigwa kina tuni na bibi harusi anakipenda.