Jasho la Kulipiwa

Ukitaka kumjua mtu aliyelemewa na pesa, mtazame saa sita za usiku chini ya Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Kalipa pesa aparamie gizani mlima wa mita 2,962, majivu yakimrudisha hatua moja kila apigapo mbili. Juu kuna volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kaboneti, nyeusi na nyepesi, isiyofika hata nyuzijoto 600. Kwa lava, hiyo ni baridi. Mwaka 2007 baridi hiyo ililipuka, watu wakahama.

Akishuka magoti yakimcheza, hupelekwa Engare Sero, kijiji cha jirani, akapande korongo la mto, maji magotini, hadi kwenye maporomoko. Huko nako kuna kiingilio. Mama wa kijijini apitaye juani na dumu la maji mgongoni humtazama kwa huruma. Kumbe yeye yuko likizoni mwaka mzima, ila hakuna aliyempiga picha!

Mgeni akirudi kazini, ataomba siku mbili za kupumzika. Kupumzika na nini? Na mapumziko.