Shangazi wa Sinema: Mama Hamtaki Mchumba Wangu kwa Sababu ya Tamthilia

Mfuko wa barua umejaa na zote zinalia kilio kimoja: watu wameangalia muvi, wamesema walivyoiona, na sasa hawasalimiani. Nimechagua za wenye hali mbaya zaidi. Waliobaki wanywe maji, walale.

*Shangazi, shikamoo. Mchumba wangu ni kijana mpole, hata kuku hawezi kumfukuza. Ila kazi yake ni uigizaji, na katika tamthilia anayocheza sasa amemfukuza mama yake mzazi kwenye nyumba ya urithi. Alipokuja nyumbani kujitambulisha, mama hakumpa mkono. Alimuuliza tu: "Yule mama yako umemwacha wapi?" Kisha akaenda chumbani kuangalia kama hati ya nyumba ipo. Nifanyeje?* — Mchumba wa Jambazi, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza mfikishie mchumba wako pongezi zangu. Wapo waigizaji waliocheza ujambazi tangu wakiwa na nywele nyeusi na hakuna mama mkwe aliyewahi kuficha hata kijiko. Huyu wako kaingia sebuleni mara moja tu, mama kaona nyumba inakwenda.

Maradhi haya ya kuchanganya mwigizaji na anayemcheza si mageni. Mwaka 1975 Wahindi walitoa Sholay, na humo mlikuwa na jambazi Gabbar Singh, aliyemkata polisi Thakur mikono yote miwili na kucheka huku akitafuna tumbaku. Masteringi walikuwa Dharmendra na Amitabh Bachchan, lakini watu walitoka ukumbini wakiiga kicheko cha Gabbar. Amjad Khan, aliyemcheza, hakuwa na jina kubwa kabla ya hapo. Baadaye kampuni ya biskuti ikamchukua na ugabbar wake huohuo atangaze biskuti. Sasa kama watu waliweza kupokea biskuti kutoka kwenye mkono wa Gabbar, mama yako atashindwaje kupokea posa?

Usimwambie "mama, hayo ni maigizo tu". Anajua. Neno hilo linamfanya yeye aonekane mshamba, na kazi ya mchumba wako ionekane mchezo wa watoto. Muulize hivi: "Alifanya nini hasa kilichokuudhi?" Hatasema roho mbaya. Atakwambia alivyopokea simu na kucheka huku mama wa watu analia mlangoni, alivyofutia viatu kwenye kanga yake. Hapo mama yako atakuwa ameichambua tamthilia kuliko wanaolipwa kuichambua, mimi nikiwemo. Ndipo umwambie kwamba kile kicheko alikirudia mpaka mwongozaji aliporidhika, na kanga aliifua mwenyewe.

Ushukuru pia hukuchumbiwa na mchekeshaji. Marehemu King Majuto, wa huko huko kwenu Tanga, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa na mzigo wa upande wa pili: watu walicheka kabla hajafungua mdomo. Posa ya mtu kama huyo ingechukua siku tatu, mbili za kusubiri wazee wanyamaze.

*Shangazi, mambo. Mimi nimekulia kibanda umiza, muvi zote nimeziona zikiwa zimetafsiriwa. Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba Rambo ana maneno, ana utani, anawasema maadui mpaka wanakosa raha. Juzi nimeiona ya Kiingereza kwenye simu. Jamaa haongei! Muda wote kanuna tu, anakimbia porini. Je, maoni yangu ya miaka yote niyafute?* — Nimedanganywa, Mbagala

Poa. Usifute hata moja, ila yapange upya, maana umekuwa ukimsifu mtu mmoja kwa kazi ya wawili.

Uliyemwona ni Sylvester Stallone. Uliyemsikia ni mtafsiri. Huku kwetu Tanzania, mtafsiri Lufufu aliwafanya watu waende kibandani kwa ajili ya sauti yake, na Kenya wapo ambao hawaulizi muvi ni ya nani, wanauliza kama ni ya DJ Afro. Uganda wamefika mbali zaidi. Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na kutoka mwaka 2010, imeenea duniani ikiwa na sauti ya mtafsiri ndani yake, anayesifu ngumi, anayetania waigizaji, na anayekukumbusha kwamba unaangalia muvi ya mapigano, usije ukasahau. Ukiitoa sauti ile, utabaki na muvi nyingine. Kwa hiyo hukudanganywa. Ulikuwa na Rambo wa Mbagala, na huyo kweli ana maneno.

Lakini kwa kuwa umeshamwona na wa Kiingereza, usimwache hivihivi. Rudi kwenye First Blood ya mwaka 1982, ya kwanza kabisa. Anakaa kimya karibu muvi nzima, na wewe kimya hicho umekiita kununa. Subiri mwishoni, anapokutana na kamanda wake wa zamani. Yote aliyoyameza tangu Vietnam yanatoka kwa mkupuo mmoja, anaongea huku analia kama mtoto, na maneno hayaeleweki vizuri kwa sababu mtu anayelia hivyo haeleweki. Mimi ninamhesabia Stallone dakika zile kuliko misuli yake yote. Mtafsiri akiweka utani pale ameiharibu, awe nani awe nani.

Kuna jingine litakalowapa kazi pale kijiweni. Ile kanuni yenu kwamba steringi hafi? Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972 iliyozaa muvi hiyo, Rambo anakufa. Hata kwenye muvi walishapiga picha za mwisho ambao anakufa, kisha wakaubadilisha. Wapelekee hilo jioni, halafu kaa mbali na viti.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Tuliangalia Vuta N'kuvute na mume wangu, nikawa namwelekeza pale ambapo kitabuni haiko hivyo. Nilimwelekeza kwa upole kabisa. Sasa muvi anaenda kuangalia kwa jirani.* — Mwalimu Mpole, Morogoro

Marahaba, mwalimu. Huo upole ninaujua. Unaanza na "samahani kidogo" na unaisha wakati majina ya wapiga picha yanapita.

Nikupe haki yako kwanza. Riwaya ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ni pana. Ina mitaa, ina magendo, ina siasa za Unguja ya miaka ya hamsini, na umeisomesha mpaka unamjua Yasmin kuliko mtoto wa dada yako. Amil Shivji alipoitengeneza filamu mwaka 2021 alikuwa na saa moja na nusu tu. Lazima aache. Swali la maana si kaacha nini, hilo hata mwanafunzi wako wa kidato cha tano ataliorodhesha. Muulize mumeo: alichokibakiza, kimesimama?

Mimi ninasema kimesimama kwa sehemu kubwa. Ikhlas Gafur Vora, aliyemcheza Yasmin, hana maneno mengi, lakini akiwa nyumbani kwa mume mzee aliyelazimishwa kuolewa naye, anavyokaa tu unaona mtu anatafuta mlango. Gudrun Columbus Mwanyika kampa Denge, mwanaharakati anayempenda Yasmin, sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa na polisi kupitia ukuta, na vichochoro vya Mji Mkongwe usiku vimepigwa picha kwa subira ambayo filamu zetu nyingi hazina. Wanaosema inakwenda polepole waende wakaangalie mechi.

Ninapokubaliana na wewe ni kwenye siasa. Mapenzi yamekaa mbele kiasi kwamba wenzake Denge wamebaki vivuli, unawaona wanagawa makaratasi lakini huwajui. Na Mwajuma, rafiki yake Yasmin! Umemweka Siti Amina, mwimbaji wa kweli, halafu unampa nafasi ndogo vile? Kitabuni Mwajuma anaujaza mtaa. Hapo na mimi nilitamani kusema "samahani kidogo".

Filamu hiyo ilifika tamasha la Toronto na ikapelekwa na Tanzania kuwania Oscar, kwa hiyo watu wengi wameiona ambao kitabu hawatakigusa kamwe. Mumeo ni mmoja wao. Mwache aangalie mpaka mwisho, muulize yeye aliona nini, kisha funga mdomo wakati anajibu. Hatua ya tatu ndiyo ngumu kwa walimu.

*Shangazi, bwanangu haelezi muvi, anaicheza. Nikimuuliza tu "ilikuwaje?", anapanda juu ya kochi, anakuwa polisi, anakuwa jambazi, anakuwa gari. Taa moja ishavunjika.* — Mke wa Gari, Likoni, Mombasa

Mama, huyo umemwona tayari kwenye Nairobi Half Life ya mwaka 2012. Mwas, aliyechezwa na Joseph Wairimu, yuko kijijini anauza muvi, na ili auze anaziigiza mwenyewe mbele ya wateja, ngumi na risasi zote. Kisha anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa, anaangukia kwenye genge, na mchana yuko jukwaani huku usiku anavunja magari ya watu. Muvi ile tunaisifia kwa ukali wake, lakini kinachoishikilia ni kwamba Wairimu hakuacha kuwa yule kijana wa kijijini hata akishika bunduki. Uso wake bado unaomba ruhusa.

Bwanako basi ana kipaji. Ondoa taa, sogeza kochi, na muvi za magari zipigwe marufuku nyumbani.

*Shangazi, katika kundi letu la WhatsApp tumegawanyika kuhusu Lupita. Wengine wanasema ni wetu, wengine wanasema alizaliwa Mexico na anaongea kama Mmarekani. Watu wanane wametoka kwenye kundi. Amua.* — Mwenyekiti wa Kundi, Nakuru

Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico mwaka 1983, akalelewa Kenya, wazazi wake Wakenya. Kesi imekwisha, warudishe hao wanane.

Lakini nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mtu aliyetaja anavyoigiza, sikumpata. Mmegombana kuhusu pasipoti! Mwanamke alipata Oscar mwaka 2014 kwa kumcheza mtumwa Patsey katika 12 Years a Slave, na pale anapogombana na bwana wake kwa ajili ya kipande cha sabuni, yeye anayetaka tu kuoga, ndipo penye mjadala. Au chukueni Us ya mwaka 2019, amecheza watu wawili wenye sura moja, na ukifumba macho bado unajua yupi ni yupi. Wakali wa kundi wanaweza kubishana kama ile sauti ya kukwaruza ilizidi kipimo. Mimi naona ilizidi kidogo.

Na mkimaliza, angalieni Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyopigwa Kampala. Lupita ni mama yake Phiona, msichana mcheza chesi, na yuko imara, lakini macho yangu yalikuwa kwa Madina Nalwanga, aliyemcheza Phiona, ambaye hakuwahi kucheza muvi kabla ya hapo. Akikaa mbele ya ubao wa chesi unaona hesabu inapita usoni. Haya, gombaneni kuhusu hilo.

*Shangazi, nililala dakika ya kumi nikaamka mwishoni. Naweza kusema muvi ni mbaya?* — Msinziaji, Dodoma

Unaweza kusema kochi ni zuri.

*Shangazi, jirani yangu amecheza muvi yake ya kwanza. Ametualika mtaa mzima, ametupikia pilau, na sasa anapita mlango kwa mlango kuuliza maoni. Ni mbaya, Shangazi. Anacheza nesi, na kila akisema neno anaiangalia kamera kama inamdai. Kesho ni zamu ya mlango wangu.* — Nimekula Pilau, Mwanza

Watu wa mtaa huo watakuwa wamegawanyika: wanaosema "umetisha!" bila kumtazama usoni, na wanaojificha. Usiwe katika hao. Sifa ya bure ndiyo iliyowaumiza wasanii wetu. Enzi za muvi za DVD, hadithi ya saa moja ilikatwa ikawa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili, sisi tukanunua zote, tukalalamika jikoni, na dukani tukasema "kali sana". Hata Steven Kanumba, aliyetutoka Aprili 2012 akiwa kijana kabisa, na Dar ikafurika kumzika, tunamkumbuka kwa machozi na ni wachache wanaoweza kukwambia ni muvi ipi aliigiza vizuri zaidi na kwa nini. Mtu wa kiwango kile alistahili kupewa hesabu yake kamili.

Kwa hiyo jirani akija, mkaribishe, mpe kiti. Tafuta jambo moja alilolifanya vizuri. Lipo, hata kama ni alivyomfunika mgonjwa shuka. Liseme kwanza. Kisha mwambie la kamera, moja kwa moja, bila kuzunguka: "Ukiongea na mgonjwa, mtazame mgonjwa." Usiongeze ya mavazi, sauti, wala hadithi, hayo si ya kwake. Na usitaje pilau, isije ikaonekana ndiyo iliyokuwa bora kuliko yote, hata kama ndivyo.

Wiki ijayo ni zamu ya tamthilia za Kituruki. Ukiandika, taja jina la tamthilia na umefika sehemu gani, usinisimulie mwisho, mimi mwenyewe bado sijamaliza. Na wale wote mnaoniandikia "Shangazi, nitumie linki", nendeni mkalipe kiingilio.