Heko, Cheo cha Shefu

Wengine wasifu mikebuka na ndagala wa ziwa letu. Mimi nasifu cheo cha shefu.

Hakili, hakinywi, na patroni hukitoa bila kugusa sanduku la pesa. Kinampendeza mama mkwe. Kinakupa muhuri. Hayo ni madogo. Ukuu wake ni kwamba kinafuta saa. Meli ya Kigoma ikichelewa, ikafika bandari ya Kalemie saa nne usiku, wabeba mizigo wanalipwa gunia kwa gunia, mlinzi ana nyongeza yake ya usiku, na saa zao zinakwenda kama za binadamu wengine. Yangu mimi, Shefu wa Depo, imeshasimama tangu saa kumi na moja jioni. Magunia ninayoyahesabu hadi majogoo nayahesabu nje ya wakati, wanakokaa malaika. Malaika nao hawadai saa za ziada. Ni watu wa kuaminiwa. Nadhani hata uzee hautanipata wote, maana usiku wangu haukuandikwa popote. Mvi nilizo nazo ni za mchana tu.

Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataja saa 45 kwa juma. Zikizidi, nyongeza ni asilimia 30 kwa saa sita za kwanza, 60 kwa zinazofuata, na 100 siku ya mapumziko. Wakubwa na wenye kazi ya kuaminiwa hutengwa. Hata mkataba wa Washington wa 1919 uliwatenga. Sawa. Mwenye kuajiri na kufukuza na alale ofisini akitaka. Mimi naongoza nani? Kufuli! Na ufunguo wa pili anao patroni. Kuaminiwa gani huko? Hata Marekani jina la cheo peke yake halimnyimi mtu saa za ziada. Hutazamwa kazi anayofanya, na mshahara usiopungua dola 684 kwa juma. Dola 684! Kwa juma!

Mniwie radhi, nilikuwa nasifu.

Basi tumsifu patroni, baba wa mashefu. Kwake yuko Shefu wa Usafi, mwenye ufagio mmoja, na Shefu wa Usafiri, mwenye baiskeli. Tulipomuuliza habari ya saa zetu alijibu kwa upole kwamba kadre, yaani mkubwa kazini, haulizi saa. Sasa macho yake yako kwa mlinzi, yule wa nyongeza ya usiku. Jumatatu anapandishwa cheo.