Namna ya Kumtibu Mtoto Anayeuliza Maswali

Mwalimu mpya, karibu kazini. Kila darasa lina mtoto mmoja mwenye maradhi ya kuuliza kwa nini. Usihofu, yanatibika, na dawa yake ni neno moja tu: "Halitoki," yaani kwenye mtihani. Akiuliza mbona mwezi unamfuata akitembea usiku, halitoki. Akiuliza nani aliamua duara liwe na nyuzi 360, halitoki. Ikifika likizo ya Juni atakuwa anajijibu mwenyewe kabla hajanyoosha mkono.

Maabara ifungwe, funguo akae nazo makamu mkuu wa shule, na makamu awe safarini. Wiki ya praktiko ikikulazimisha kuifungua, wape jibu kwanza, jaribio lifuate. Atakayepata tofauti na kitabu afute.

Muda wote uliobaki ni wa pepa za nyuma. Walimu wa Hisabati wa darasa la saba walionja raha mwaka 2012, mtihani ulipokuwa wa kuchagua herufi na kusiliba kwa penseli. Hesabu bila njia! Ukikosa bahati kama hiyo, wakaririshe na njia.

Lakini usilegeze dozi, yasije yakakukuta ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, alitia kwenye friji maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya baridi ya mwenzake. Akamuuliza mwalimu sababu. Mwalimu, fundi kwelikweli, akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akarudia swali, na huko akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya walimwengu. Wenzake wakaudaka utani huo. Kila akikosea hesabu, wanamkumbusha. Tiba ya namna hiyo siku hizi huipati hata kwa kulipia tuisheni.

Kosa likawa moja: shule ilimwalika Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ikaruhusu maswali. Mpemba akauliza lile lile, darasa likacheka. Mgeni hakuuliza kama linatoka. Alirudi chuoni likajaribiwa. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala, na wanafizikia hawajamaliza kubishana hadi leo.

Kwa hiyo wageni wasialikwe. Mkuu wa shule akiwa ameshaalika, simamia wewe ratiba: hotuba, chai, picha ya pamoja.