Bahati na Lazima: Tano Hadi Moja

Haya, jongea. Ubishi ni wa siku nyingi: mageuzi ya viumbe ni mchezo wa kete, au njia ilikuwa moja tu? Tuhesabu kurudi nyuma, Bahati upande huu, Lazima upande ule.

5. Jiwe la Yucatán. Miaka milioni 66 iliyopita kimondo kilipiga Meksiko, na dinosaria wakaisha, isipokuwa ukoo wa ndege. Meno makali hayakufua dafu. Mamalia wadogo wakaachiwa nafasi. Kufa kufaana! Bahati anaongoza.

4. Jicho la pweza. Ukipita sokoni, mwangalie machoni kabla hajaingia kwenye nazi. Lenzi anayo, retina anayo, kama wewe. Ila babu yetu wa pamoja hakuwa na jicho la namna hiyo. Kila ukoo ulijitengenezea lake. Tena neva zake hupita nyuma ya retina, kwa hiyo hana lile doa pofu tulilo nalo sisi. Pweza katuzidi, jamani. Lazima anasawazisha.

3. Midomo minene. Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi, kila moja lina samaki wa jamaa ya perege wenye midomo kama maandazi, ya kunyonyea vijidudu kwenye nyufa za mawe. Hawakuigana. Lazima tena!

2. Selimundu. Hapa utani nauweka pembeni. Herufi moja ya jeni la himoglobini ilibadilika, bahati tupu. Lakini mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa nakala moja ya jeni hilo humkinga mtu na malaria. Ndiyo maana limedumu penye mbu. Anayerithi nakala mbili, mifupa inamuuma tangu utotoni. Alama hii simpi yeyote.

1. Chupa 12. Mwaka 1988 Richard Lenski, huko Marekani, alianza kukuza bakteria wa asili moja katika chupa 12: glukosi kidogo, na sitrati, ambayo bakteria hao hawawezi kuila penye oksijeni. Kote wakawa wepesi wa kukua, Lazima anachekelea. Ila mwaka 2003 chupa moja ikakutwa imechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Vizazi zaidi ya 31,000 vilikuwa vimepita, na humo walikuwamo walaji wa sitrati! Mwenzake Zachary Blount akawatoa mababu waliohifadhiwa kwenye friza, akarudia mchezo. Baadhi ya waliotoka kizazi cha 20,000 na kuendelea waliweza tena. Wa vizazi vya mapema zaidi hawakuweza, na sitrati ilikuwa ileile.