Pampu Ikiungua, Simu Isizimwe

Msyuuu! Jamani, hii tabia ya baba mwenye nyumba kuzima simu kila pampu ikiungua, itakoma lini? Ile nyumba ya nyuma ya gereji, vyumba sita, simtanki limekauka tangu Jumamosi. Mnawaona wenyewe akina mama alfajiri na madumu ya lita 20, mmoja ana mtoto mgongoni, wanakwenda kununua maji waliyokwisha kuyalipia ndani ya kodi. Tena kodi ya miezi sita, imetolewa kwa mkupuo!

Simlaumu mtu kwa pampu kufa. Pampu ni chombo. Usiku umeme huku Tabata unakuwa mdogo mpaka taa zinafifia. Mota inaunguruma, haizunguki, inachemka tu. Au maji yamepungua kisimani na aliyewasha kasinzia. Maji yale ndiyo yanayoipoza, sasa inazunguka kavu, sili zinaungua, mara uani harufu ya waya. Wakati mwingine ni kapasita tu, fundi anaibadilisha kabla chai yake haijapoa. Lakini fundi ataitwa na nani?

Simu ikija kupokelewa, neno la kwanza: "Nani aliacha swichi?" La pili: "Changeni kila chumba." Aka! Hilo ndilo linaloniuma. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze vitu vya pamoja. Pampu inayonywesha vyumba sita si ya pamoja? Na kama unaogopa mtu kusahau swichi, funga kile kifaa kinachoizima pampu chenyewe maji yakiisha. Kinauzwa dukani, hakina mjadala.

Najua wenye nyumba wengine ni wazee wastaafu, kodi ndiyo ugali wao, na kusuka mota kuna gharama. Basi sema! Mpangaji akiambiwa "fundi anakuja kesho saa nne, isiposukika nanunua nyingine Ijumaa," atanung'unika, lakini atapanga siku zake. Akikuta kimya, anaona amedharauliwa, na hapo hata ukileta pampu mpya hakusamehi. Leo hii ita boza lijaze simtanki, watu waoge, watoto waende shule wasafi. Pampu itafuata.

Na ukiwa mbali, huna kitu mkononi, mruhusu mpangaji mmoja amlipe fundi, mkate kwenye kodi ijayo. Ila yaandikwe! Risiti ya kifaa, hela ya ufundi, tarehe, saini za wote wawili. Nimeshasikia mara nyingi mno mtu katoa hela yake kwa nia njema, kodi ilipofika akaulizwa, "Nani alikutuma?"